Jumanne Tunaenda Muvi

Kama we ni msee wa Nai, ushashukia kwa sinema mara mob na hujawahi ona filamu hata moja hapo. Makanga anapiga bodi ya mat makofi, anawika "Odeon, wa Odeon mjipange mlangoni!", unaruka, unapenya kati ya wauza soksi na wauza chaja, unaendelea na shughuli zako. Odeon ilikuwa ukumbi wa sinema. Raundabauti ya Globe, hapo ukitoka tao kwenda Ngara, imebeba jina ya Globe Cinema. Bellevue ya Mombasa Road ilikuwa sinema ya kuingia na gari: mzae anaegesha akiangaliana na skrini kubwa ya nje, mathe ako na chai kwa flaski, watoi wamejifunga blanketi kwa kiti ya nyuma. Thika Road nayo ilikuwa na Fox, kazi ni hiyo hiyo. Ngara kulikuwa na Shan, na hiyo angalau ilibahatika, juu leo ndo Sarakasi Dome, vijana wanabinuka hewani penye zamani watu walikaa kucheki muvi.

Wazae wakianza story ya nini iliua sinema za tao, kila mtu ako na mshukiwa wake. Miaka ya 80 kaseti za video ziliingia kwa majumba, na mtu akaona haina haja avae suti aende Kenya Cinema. Miaka ya 90 tao usiku ikawa ngori. Ukitoka show ya mwisho, unapigwa ngeta kabla ufike stage. Alafu 2000 na kitu, DVD za River Road zikamaliza mchezo. Diski moja imebeba muvi kibao na bei yake haifiki fare ya kwenda na kurudi. Kumbi zikabaki viti bila watu, na hapo ndo makanisa zikatokea. Pasta anapata nyumba iko na steji, viti zimepangwa, sauti inafika hadi nyuma. Angedai nini ingine? Zingine zikakatwakatwa zikawa viduka vya nguo. Mi silaumu pasta, alikuta kumbe wenyewe mmehama.

Sasa huku Donholm, Donie kwa wenyewe, kuna mbogi ya watu wa muvi. Haina jina, haina kadi, haina mwenyekiti. Iko na dem wa saluni, fundi wa simu, madam wa PP1, msee wa boda, mayut wawili wa campo, mimi, na mzae mmoja wa ploti yetu, alistaafu akabaki na masaa mob kuliko watu wa kupiga nao story. Kila Jumanne tunatoka. Mbona Jumanne? Juu kumbi mob za Nai ziko na siku ya kuteremsha bei katikati ya wiki, na Jumanne ndo hupendwa. Wikendi tiketi inaweza kumeza jirongo nzima, hiyo ni soo tano, na ikuangalie kama bado inadai. Jumanne mtu wa mfuko ya kawaida anapumua.

Doo inashughulikiwa kama ya chama. Kila mtu anatuma soo mbili kwa M-Pesa kabla Jumapili iishe, na zinaenda kwa dem wa saluni. Alichaguliwa juu moja tu: hakopeshi. Ukimuendea na story ya shida anakuangalia kwa kioo akiendelea kusuka mtu, hata hageuki. Wiki yenye umesota, kuna mtu anakusimamia, we unamrudishia wiki ingine, na hakunanga mtu anatangaza. Hiyo ndo sheria yenye mi napenda kuliko zote. Kuna wasee wameacha kutoka na mabeshte zao juu ya aibu ya mfuko, si juu hawapendi kutoka.

Kuchagua muvi ni zamu. Wiki yako ni yako, hakuna mtu anaruhusiwa kulia. Madam wa PP1 akichagua katuni, tunaenda katuni, na msee wa boda amejifunza kunyamaza hapo baada ya kuonekana akipanguza macho kwa ile sehemu ya mtoi na mbwa. Sharti ni moja: ukumbi usirudiwe wiki mbili zikifuatana. Hiyo ndo inatufanya tuzunguke. Bila hiyo sharti tungekuwa tunaendanga tu penye ni karibu.

Penye ni karibu ni Greenspan, ndani ya Donie yenyewe. Motion Cinema iko huko, na ukitaka kujua maana ya hiyo kitu, uliza mtu wa Eastlando alikuwa anaendanga wapi kabla. Kwa miaka mingi ukitaka skrini kubwa ulikuwa unavuka jiji mzima uende upande wa Westi, mat mbili za kwenda, mbili za kurudi, na wewe umevaa ni kama unaenda kuomba kazi. Greenspan unatembea. Watu wanakuja na patipati, na jezi ya Arsenal imefuliwa hadi jina ya mchezaji imetoka. Mlinzi anakujua kwa sura. Jirani ako mstari wa mbele, mwenye nyumba ako nyuma yako na we unadaiwa rent, nyote mnacheka kwa joke moja. Kuna watu wanasema hiyo si kutoka, hiyo ni kukaa mtaani na taa zimezimwa. Mi naona ndo maana ya ukumbi kuwa mtaani.

Garden City tunaenda na Outering. Unashika mat hapo Donie, inateleza hadi Allsops, unaingia Thika Road, na kama hakuna jam unashangaa venye umefika mapema. Century Cinemax iko hapo, na pia iko Junction kwa Ngong Road na Sarit kule Westi. Umati wa Garden City ni wa campo na wa Roysambu, vijana wamelipa rent wakabaki na ya muvi. Luku ziko juu. Mayut wetu wawili wakienda huko wanaanza kuoga saa nane.

Tao yenyewe tunaenda Mama Ngina Street, pale 20th Century. Huu ukumbi uko na historia mob, na mwaka wa 2012 uliwekwa skrini ya IMAX, ya kwanza Afrika Mashariki. Mzae wetu akiingia hapo huwa anabadilika. Anasimama kwa mlango, anaangalia juu, anaanza kutaja: Cameo ilikuwa Kenyatta Avenue, Nairobi Cinema hapo Uchumi House, Kenya Cinema Moi Avenue. Anatwambia kitambo muvi haikuanza kabla wimbo wa taifa upigwe, bendera inapepea kwa skrini, kila mtu wima. Fundi wa simu akamuuliza, "Mzae, na kama umebeba popkoni?" Akasema, "Unasimama nayo, kijana. Na hautafuni."

Alafu kuna Diamond Plaza, Parklands. Hapo kampuni ya sinema ya Anga iko na kumbi, na penye Wahindi wako, Bollywood iko. Hii zamu ikifika watu wengine huvuta miguu, juu muvi ya Kihindi inaweza enda masaa matatu na kuna mapumziko katikati. Lakini si ndo shule yetu ya kwanza? Mtu yeyote amekulia Eastlando alilelewa na muvi za Kihindi, mathe akilia na stima ikipotea sehemu tamu. Hapo Diamond familia nzima zinakuja, kuanzia shosho hadi mtoi wa kunyonya, na hakuna mtu anaambia mtoi anyamaze. Wakati wa mapumziko unashuka kutafuta bhajia, unarudi, unapata bado wanaoana. Dem wa saluni anapenda huko kuliko mahali kokote, juu anarudi na mitindo ya nywele kwa kichwa.

Wiki zingine tunaenda Kilimani, Unseen, kwa Wood Avenue. Unachukua 46 ya tao, unashuka karibu na Yaya, unatembea. Ni ukumbi mdogo, wa filamu zenye hautaona kwa bango ya barabara: za Kenya, za Senegal, documentary za watu wanaongea polepole. Mara ya kwanza msee wa boda alisema watu wa huko wanakunywa kahawa ni kama wanaipima. Ukweli ni, tulikaa vizuri. Baada ya muvi kuna mtu alisimama akauliza swali refu kuliko muvi yenyewe, hiyo hatutasahau. Goethe na Alliance Française, hapo tao karibu na Loita Street, nazo huonyesha filamu, na mara nyingi ni bure. Wiki yenye mbogi yote imesota, hiyo ndo form. Unakaa kwa ukumbi safi, unaona filamu kutoka Mali ama Ujerumani, unatoka na doo yako yote ya mutura.

Nikimaliza hapo, wasomaji wa aina fulani wataona nimewachorea ramani ya sinema za Nai. Bado. Sinema yenye iko na watu mob zaidi huku Eastlando haiko kwa moli yoyote. Ni kibanda.

Unakijua hata kama hujawahi ingia. Mabati, benchi za mbao, TV kubwa ama projekta, spika imefungwa kwa kona na waya. Nje kuna ubao wa chaki: saa nane muvi fulani, saa kumi ingine, na jioni mechi. Wikendi ni ligi ya Uingereza na hiyo ndo inalipa rent. Muvi ni za katikati ya wiki. Kuingia ni ashu ama mbao. Na muvi yenyewe haiongei Kizungu, inaongea DJ Afro. Kama we si wa Kenya, wacha nikueleze: huyu ni msee anachukua muvi ya ng'ambo, ya kung fu ama ya Kihindi ama ya Marekani, anaweka sauti yake juu, anasimulia kila kitu kwa Kiswahili na Sheng, anawapea wahusika majina ya mtaa, anachekelea jambazi, anaonya staring ageuke nyuma. Ukisikia hiyo sauti kwa mat, kwa kinyozi, kwa kibanda, unajua ni yeye. Uganda wako na maVJ wao, Tanzania wako na watafsiri wao, kila mahali watu waliona muvi bila mtu wa kuwapigia story imepungukiwa.

Kwa hivyo zamu ya fundi wa simu ikifika, mara nyingi tunaenda kibanda, na akiba ya hiyo wiki inawekwa. Kuna mtu kwa mbogi, sitamtaja, alikuwa anaona hiyo ni kurudi nyuma. Ati tumetoka Diamond na Garden City, sasa tunakaa kwa benchi ya misumari? Ugomvi ukaanza hapo, na haujaisha hadi wa leo.

Ulianza na benchi, ukafika kwa mdomo: kwa muvi mtu anyamaze ama aongee?

Kibanda watu wanaongea na skrini. Jambazi amejificha nyuma ya mlango, kibanda mzima kinamwambia staring. Staring asiposkia, anatukanwa. Mtu akiwa ameona hiyo muvi jana, anatangulia kusema nini kinakuja, na hakuna mtu anamkasirikia juu venye inatokea ni tofauti na kujua itatokea. Moli nako ni kimya. Simu zimezimwa, ukikohoa unaangaliwa. Mayut wa campo wako upande wa kimya. Wanasema filamu ni kazi ya mtu, alikaa miaka akitengeneza sauti ya kila hatua, na we unaifunika na mdomo. Msee wa boda ako upande wa kelele. Anasema amelipa, na kama haruhusiwi kushtuka, afadhali alale.

Mi nimekuwa pande zote mbili na hii ndo hukumu yangu: inategemea muvi ilitengenezewa nani. Kuna filamu ukiiongelesha umeiua. *Kati Kati* ya Mbithi Masya, ya 2016, ni moja. Dem anaamka kwa loji katikati ya nyika, hakumbuki kitu, alafu anajua ako kati ya watu walishakufa. Hiyo ukiiwekea makelele hausikii hofu yake. Lakini muvi ya magari kuruka juu ya magari? Ya mtu mmoja kupiga watu arobaini? Kukaa kimya hapo ni dharau. Siku moja Greenspan, msee wetu alipiga nduru, madam mmoja wa mbele akageuka, akatupea jicho la shule. Tukajikunja. Dakika ishirini baadaye staring akabaki amening'inia kwa kamba imeanza kukatika, na nani alisimama wima akipiga kelele "Shikaaa!"? Yule madam wa mbele. Ukumbi wote ukacheka, na kutoka hapo muvi ikawa yetu sote.

Mzae ndo alimaliza huo mjadala kwa upande wake. Anasema kitambo kulikuwa na magari ya Factual Films, zinakuja kwa uwanja wa mtaa ama kwa soko ya ocha, zinatandika skrini, zinaweka matangazo ya sabuni na katikati muvi. Bure. Watu wamejaa hadi nyuma ya skrini, wanaona kila kitu kimegeuzwa. "Na hapo nani angewaambia mnyamaze?" anauliza. Mzae pia ndo alitukumbusha kwamba enzi ya mkoloni kulikuwa na filamu Mzungu aliruhusiwa kuona na Mwafrika akakatazwa, mtu wa serikali akikaa chini kuamua macho gani yanaweza ona nini. Kwa hivyo anaona mtu yeyote amekaa kwa kiti amelipia, ako na haki ya kushangilia kidogo.

Mara moja moja hatuendi popote. Tunapanda kwa ruufu ya ploti, tunasukuma kamba za nguo kando, tunatandika shiti nyeupe, mayut wanaleta projekta ya kukopa. Hapo ndo tunaona filamu za Kenya zilipita kwa kumbi tukakosa. *Nairobi Half Life* ya Tosh Gitonga, 2012, tumeirudia hadi watu wanasema maneno kabla Mwas aseme. Huyo kijana anauza DVD huko ocha, anaigiza muvi zake kwa wateja, anakuja Nai kuwa mwigizaji, na tao inampokea venye inajua. Kwa wengi wetu hiyo ndo filamu ya kwanza tulisikia Sheng ikiongewa venye tunaiongea, si venye mtu wa TV anafikiria tunaiongea. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya 2018, tuliona siku ya baridi na hakuna mtu alishuka ruufu na macho makavu. Mtoi anaitwa Jo, mgonjwa wa kutopona, anadai kuwa shujaa wa muvi, na kijiji mzima kinaamua kumtengenezea hiyo muvi. Na nani ako katikati ya hiyo plani? Msee wa kibanda, DJ wa kusimulia muvi. Yule mtu wetu wa kudharau kibanda alikaa kimya sana hiyo usiku.

Na hapo kwa ruufu ndo swali ngumu lilitoka. Madam wa PP1 aliuliza tu, bila ubaya: hizi filamu zikitoka si zilikuwa kwa kumbi? Tulikuwa wapi?

Nilienda kuuliza watu wanaelewa hii biashara, na kazi inaenda hivi. Filamu mpya inaanza Ijumaa. Pesa ya tiketi inagawanywa, ukumbi unachukua yake, wenye filamu wanachukua yao. Wikendi ikiisha, mwenye ukumbi anaangalia viti vingapi vilikaliwa, alafu anapanga ratiba ya wiki ingine. Muvi ya Marekani imekuja na bango kubwa na matangazo ya dunia nzima, ikianza vibaya bado itavumiliwa kidogo. Filamu ya Kenya haina huo mgongo. Ikianza na viti tupu, inasukumwa show ya saa tano asubuhi, wakati kila mtu ako job, na huko ndo inafia. Alafu watu wanasema Wakenya hawapendi filamu zao.

Umeona shida iko wapi? Hukumu inakatwa Jumapili usiku. Sisi tunafika Jumanne, na bei yetu ya kuteremka, na popkoni yetu ya kuficha kwa mkoba, kupigia makofi filamu ishahukumiwa. Jumanne ni siku poa ya mfuko. Kwa filamu ya Kenya, Jumanne ni matanga.

Na usiniambie watu hawawezi jaa. Septemba 2018 kulijaa. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, story ya madem wawili wa mtaa wanapendana, ilikuwa imeenda Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko, na nyumbani ilikuwa imepigwa marufuku tangu Aprili. Koti ikasimamisha marufuku kwa siku 7, watu wazima pekee, ndo ipate kuhitimu kupelekwa Oscar. Siku 7 tu. Prestige kwa Ngong Road ikajaa, watu wakapanga laini mchana wa wiki ya kazi, tiketi zikaisha. Siku zikaisha, marufuku ikarudi. Na mwishowe kamati ilipeleka *Supa Modo* Oscar, si hiyo. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu *Rafiki*, kwa mbogi yetu maoni ni kama saba na yote yana sauti. Lakini hiyo wiki ilionyesha kitu moja: watu wakiambiwa filamu itaondoka, wanatoka kwa nyumba. Sasa, si filamu mob za Kenya huondoka baada ya wiki? Tofauti ni hakuna koti inakutangazia.

Kwa hivyo tuliongeza sheria. Ikiwa ni filamu ya Kenya, Jumanne inavunjwa. Tunaenda Ijumaa, Jumamosi ama Jumapili ya kwanza, bei kamili, na hiyo wiki mchango unapanda. Kulikuwa na makelele. Dem wa saluni, mwenye kutuwekea pesa, alisema wikendi ndo wateja wake wanakuja na hawezi funga. Tukapatana Jumapili jioni. *Nawi*, ile ya dem wa Turkana anadai kuenda shule ya upili na familia inataka kumuoza, tuliiona hivyo, wikendi, viti vyetu vimefuatana. Ilikuwa imechaguliwa kuwakilisha Kenya kwa Oscar na bado kulikuwa na viti vya kutosha kulala. Msee wa boda hakupiga nduru hata moja. Tukitoka, kwa stage, ndo alianza kuongea, na hakunyamaza hadi Donie: ati yeye akizaa dem atamsomesha hadi aseme basi, ati mbuyu wa huyo dem wa filamu angekuwa abiria wake angemshusha katikati ya barabara. Makanga aliuliza kama tunagombana. Tukamwambia tumetoka muvi. Akauliza gani, akaambiwa, akaitisha jina tena ndo asisahau.

Hapo kwa stage na kwa mat ndo mi naona tunafanyanga kazi yenyewe. Muvi ni masaa mawili. Story yake inaenda hadi Alhamisi kwa saluni. Na hiyo story haitaki doo. Mtu akikaa kando ya dirisha, smokie mkononi, mvua imepandisha fare na mat haijajaa, utasikia maoni ya filamu yenye hautaipata mahali popote. Madam anataka kujua mbona mwalimu kwa filamu zetu huwa mkali ama mlevi. Fundi wa simu anakataa simu ya jambazi, ati hiyo modeli haikuwa imetoka huo mwaka. Mzae anasema zamani walikuwa wanaimba wakitoka, sai mnatoka mkiangalia simu.

Ukitaka kuanzisha yenu, haina ujuzi. Wasee watano wanatosha, mmoja asiyekopesha akae na doo, zamu ya kuchagua iheshimiwe, na mjue mat ya mwisho ya kurudi inatoka saa ngapi. Anza na ukumbi wa karibu, ingieni kibanda bila kiburi, na mkisota kuna Goethe. Jumanne tumieni kwa Marekani na India, hao hawatakufa mkichelewa.

Lakini ukiona bango la filamu ya Kenya, usingoje. Ijumaa ya kwanza ama kabla Jumapili iishe, lipa bei kamili, kuja na beshte mmoja, na ukiipenda sema kwa stage ukiwa na sauti.